Theluji ya Istanbul, foleni ya Dar: viwanja vya ndege vinavyopambana na baridi kali

Tarehe 24 Januari 2022 paa la jengo la mizigo kwenye uwanja mpya wa ndege wa Istanbul lilielemewa na theluji, likaporomoka. Hakuna aliyeumia, lakini ndege zilisimama, na maelfu ya abiria wakakwama ndani ya uwanja ambao siku zote huunganisha watu wa mabara matatu.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam habari hii haiko mbali. Istanbul siku hizi ni sehemu ya biashara ya Kariakoo. Nguo nyingi zinazoning'inizwa Mtaa wa Kongo zilichaguliwa na mama au kijana aliyepanda ndege Uwanja wa Julius Nyerere, akazunguka maduka ya Laleli siku mbili tatu, akafunga mzigo na kurudi. Ongeza wanafunzi wanaopitia Amsterdam, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa, na ndugu zetu wa ughaibuni wanaorudi kula Krismasi nyumbani. Kila mwaka kati ya Desemba na Februari, wakati sisi tuko kwenye joto la kaskazi, wapo Watanzania wengi ambao safari zao zinaamuliwa na theluji ambayo hawajawahi kuigusa.

Swali linaloulizwa kaunta huwa lilelile: "Dada yangu, wenzetu wana baridi kila mwaka. Wanashindwaje kujiandaa?" Ni swali la haki kabisa, na mara nyingi dada wa watu hana la kujibu zaidi ya "Pole mama, ni hali ya hewa." Mtu aliyelipa mamilioni ya shilingi kwa tiketi anastahili maelezo yaliyoshiba kuliko hayo, na maelezo yapo.

Tuanze na jambo moja linaloondoa mkanganyiko. Baridi yenyewe haiisumbui ndege. Ndege ya abiria ikiwa kwenye kimo chake cha kawaida, kilomita 10 au 11 juu, inapita kwenye hewa ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri au hata zaidi. Ndivyo ilivyo juu ya Helsinki, na ndivyo ilivyo juu ya Chalinze. Mafuta ya Jet A-1 yanayotumiwa na ndege nyingi duniani hutengenezwa yasigande mpaka nyuzi 47 chini ya sifuri. Kinacholeta shida ni maji yanayoganda mahali pasipotakiwa, yaani juu ya bawa na juu ya njia ya kurukia. Kuyaondoa kunawezekana, na wanajua sana kuyaondoa. Ila kunakula dakika. Ratiba ya uwanja mkubwa imepangwa kwa dakika, na zikishaliwa za kutosha hakuna dawa wala mashine itakayozirudisha.

Bawa ama ni safi, ama ndege hairuki

Bawa huibeba ndege kwa sababu ya umbo lake na ulaini wake. Barafu nyembamba yenye ukali wa msasa wa fundi seremala, ikitanda sehemu ya mbele na ya juu ya bawa, inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Takwimu hizo zimetajwa kwa miaka mingi na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA. Rubani anainua pua ya ndege kwa mwendo uleule aliouzoea, na ndege haiitikii.

Tarehe 13 Januari 1982 Boeing 737 ya Air Florida iliondoka Washington theluji ikianguka. Ilikuwa imemwagiwa dawa ya kuondoa barafu, kisha ikakaa kwenye foleni takriban dakika 49 huku theluji ikiendelea kuidondokea. Marubani hawakuwasha mfumo unaozuia barafu kwenye injini. Barafu ikaziba tundu la kipimo, vipimo vikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwapo, na ndege ikaruka na nguvu pungufu ikiwa na barafu mabawani. Iligonga daraja la Mtaa wa 14 na kutumbukia Mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa ndani ya magari yao pale darajani.

Miaka kumi baadaye, tarehe 22 Machi 1992, Fokker F28 ya USAir ilianguka ikiruka kutoka LaGuardia, New York. Walikufa 27 kati ya watu 51. Hiyo ilikuwa imemwagiwa dawa mara mbili. Lakini tangu ile mara ya pili hadi kuruka zilipita dakika 35 hivi, na kinga ya dawa ilikuwa imekwisha. Mwaka huohuo, kabla ya majira ya baridi yaliyofuata, Marekani ikaweka kanuni kali zaidi kuhusu muda ambao dawa inaaminika. Ukiisoma miaka hiyo miwili pamoja unaona kwamba watu hawakufa kwa kukosa dawa. Kilichochangia sana vifo vyao ni dakika zilizopita baada ya dawa.

Dawa yenyewe ni za namna mbili kuu, na abiria aliyekaa dirishani anaweza kuzitambua kwa rangi. Linakuja gari lenye mkono mrefu na kibanda juu, mfanyakazi yumo ndani, analizunguka bawa. Kwanza anamwaga ile ya rangi ya chungwa, nyepesi, ya moto wa nyuzi 60 hadi 80, iliyochanganywa na maji. Hiyo kazi yake ni kuyeyusha na kusukuma chini barafu yote. Mvuke unapanda, dirisha linakuwa jeupe, huoni kitu kwa muda. Kama theluji bado inaanguka, anarudi na ile ya kijani, nzito, ambayo haitiririki haraka. Inakaa juu ya bawa kama tabaka na kuipokea theluji mpya kabla haijagusa chuma. Ndege inapokimbia kwenye njia ya kurukia na kukaribia mwendo wa kilomita 185 kwa saa, upepo unaichana ile dawa na kuitelezesha nyuma, na bawa linabaki tupu. Ukiona kitu cha kijani kinacheza cheza na kukimbia kuelekea nyuma wakati wa kuruka, usishtuke, ndivyo kilivyokusudiwa. Ikishakuwa hewani ndege haihitaji dawa tena, kwani ndege nyingi kubwa hupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi sehemu ya mbele ya mabawa.

Kiini cha dawa zote mbili ni glikoli, kimiminika kinachozuia maji yasigande haraka, na rangi zimetiwa ili mtu wa kwenye kibanda aone alipopita na asipopita.

Sasa saa inaanza kuhesabu. Rubani ana jedwali mbele yake. Anaangalia joto la nje, aina ya kinachoanguka na ukali wake, anapata muda wa kinga. Muda huo unahesabiwa tangu mwanzo wa kumwaga ile dawa ya mwisho, hausubiri gari liondoke. Theluji ikiwa nyepesi anaweza kupata muda wa kutosha, ikizidi unapungua sana. Muda ukiisha kabla hajaruka, hana hiari ya kujaribu bahati. Anarudi kumwagiwa upya, au anathibitisha kwa ukaguzi kwamba bawa bado ni safi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Chukua mfano wa uwanja unaorusha ndege 40 kwa saa, wenye sehemu 10 za kumwagia dawa. Kila ndege ikitumia dakika 15, sehemu hizo kumi zinatosha kwa ndege 40 bila ziada yoyote. Theluji ikizidi, kila ndege ikahitaji dakika 30, zinatoka 20 tu kwa saa. Nyingine 20 zinasubiri. Foleni ya kwenda kwenye njia ya kurukia nayo inarefuka, kwa hiyo baadhi ya zilizokwisha kumwagiwa zinapitwa na muda na kurudi nyuma, zikigombea sehemu zilezile kumi na zile ambazo hazijaguswa. Saa mbili za hali hiyo zinatosha kuvuruga siku nzima. Ndiyo sababu viwanja kama Munich vimejenga sehemu za kumwagia dawa karibu kabisa na mwanzo wa njia za kurukia: ndege inamwagiwa, inasogea kidogo, inaruka.

Kuna barafu nyingine ambayo jicho haliioni. Ndege iliyosafiri muda mrefu juu hutua ikiwa na mafuta yaliyopoa sana ndani ya mabawa. Hata hapa Dar, ndege iliyotua muda huu unaweza kuona bawa lake likidondosha maji jua likiwaka, kwa sababu unyevu wa pwani umegusa ngozi ya bawa lenye baridi. Kule kwenye nyuzi mbili tatu za joto, unyevu huohuo unaganda na kuwa barafu angavu, laini, isiyotofautika na rangi ya bawa. Tarehe 27 Desemba 1991 ndege ya SAS aina ya MD-81 iliondoka Arlanda, Stockholm, ikiwa na barafu ya namna hiyo. Ilipoanza kupaa barafu ikakatika, ikaingia kwenye injini zote mbili zilizo mkiani, na zote zikafa. Rubani aliishusha kwenye shamba karibu na Gottröra. Ndege ilivunjika vipande vitatu, na watu wote 129 wakatoka hai. Ni moja ya ajali ambazo kila ninapozisoma naguswa na ustadi wa wale marubani. Tangu hapo kulikagua bawa kwa kuligusa kwa mkono, si kwa kuliangalia tu, likawa jambo la kusisitizwa zaidi.

Lakini kinachoogopwa kuliko theluji ni mvua inayoanguka kama maji na kuganda palepale inapogusa kitu. Ikiwa nzito, hakuna dawa yenye muda wa kinga unaokubalika, na uwanja unafungwa. Munich iliyapata yote mawili ndani ya wiki moja: tarehe 2 Desemba 2023 ilifungwa kwa theluji nzito, na tarehe 5 ikafungwa tena kwa mvua ya namna hiyo.

Lami ya urefu wa kilomita tatu

Mashabiki wa Manchester United wa Manzese na Tandika wanaijua tarehe 6 Februari 1958. Timu ilikuwa inarudi kutoka Belgrade, ndege ikatua Munich kuongeza mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikasitisha. Mara ya tatu ikaenda. Mwishoni mwa njia ya kurukia kulikuwa na uji wa theluji, ile hali ambayo theluji imeyeyuka nusu, si maji wala si barafu. Ndege ilikuwa imefika mwendo wa noti 117 (karibu kilomita 217 kwa saa), magurudumu yakaingia kwenye uji ule, mwendo ukashuka hadi noti 105 (karibu kilomita 194 kwa saa), na sehemu ya kusimamia ilikuwa imekwisha. Walikufa watu 23, wanane kati yao wachezaji.

Wachunguzi wa Ujerumani walimlaumu rubani, James Thain, kwa kudai kwamba mabawa yalikuwa na barafu. Alipigania jina lake miaka kumi na zaidi. Mwaka 1969 uchunguzi wa Uingereza ulihitimisha kwamba uji wa theluji ndio uliosababisha ajali na kwamba yeye hakuwa na kosa. Kabla ya hapo watu hawakuwa wameelewa vya kutosha kwamba sentimita moja au mbili za uji wa theluji zinaweza kulishika gurudumu kiasi hicho. Leo ndege nyingi haziruhusiwi kuruka kwenye uji wa theluji unaozidi takriban milimita 13.

Kwa hiyo njia ya kurukia husafishwa hadi lami, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Mashine moja hubeba vitu vitatu: jembe pana mbele, brashi ya nyuzi za chuma katikati, na kipulizio cha nguvu nyuma. Mashine hizo haziendi moja moja. Hupangwa mshazari, kila moja ikianzia pale jembe la mwenzake lilipoishia, theluji ikasukumwa kwa pamoja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyuma yao yanakuja magari ya kurusha theluji mbali, maana ikirundikwa pembeni inaweza kugusa injini au kufunika taa za ukingoni. Halafu linapita gari dogo la kupima msuguano. Wakati wote huo hakuna ndege inayotua wala kuruka kwenye njia hiyo, na dereva yuko kwenye redio na mnara wa kuongozea ndege, akijua kwamba angani kuna ndege zinazozunguka zikimsubiri amalize.

Chumvi inayomwagwa kwenye barabara za magari huko Ulaya haitumiki kwenye njia za kurukia, kwa kuwa inakula alumini ya ndege. Hutumika chumvi za aina nyingine kama aseteti na fomati za potasiamu, ambazo nazo huchakaza breki za kaboni. Glikoli nayo ikitiririka mtoni humaliza oksijeni ya samaki, ndiyo maana viwanja vingi hukusanya majimaji yake, na vingine kama Munich huichuja na kuitumia tena.

Kusafisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia rubani hali ya lami kwa maneno ambayo yeye na aliyepima wanayaelewa sawasawa. Tarehe 8 Desemba 2005 Boeing 737 ya Southwest ilitua Midway, Chicago, theluji ikianguka. Taarifa za breki walizopewa marubani hazikukubaliana. Moja ikisema hali ni ya wastani, nyingine ikisema ni mbaya. Ndege haikusimama, ikavunja uzio, ikaingia barabarani na kugonga gari. Mtoto wa miaka sita alikufa. Marekani ikaanza kutengeneza mfumo mmoja wa kueleza hali ya njia ya kurukia, na hatimaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likaufanya wa dunia nzima kuanzia tarehe 4 Novemba 2021.

Mfumo huo unaigawa njia ya kurukia mafungu matatu, na kila fungu linapewa namba kutoka 6 hadi 0. Kavu ni 6. Lami iliyolowa tu, au yenye umande ulioganda, ni 5. Theluji inayozidi milimita 3 ni 3. Uji wa theluji unaozidi milimita 3 ni 2. Barafu ni 1. Barafu yenye maji juu yake ni 0, na hapo shughuli zinasimama hadi isafishwe. Rubani anayesikia "tano, mbili, mbili" anajua kwamba anatua mahali pazuri lakini atasimamia mahali pabaya, na kompyuta yake inampa urefu atakaouhitaji. Taarifa ya theluji inayotangazwa kwa mfumo huo, iitwayo SNOWTAM, haiishi zaidi ya saa 8, na hali ikibadilika kabla ya hapo inatolewa nyingine.

Kilichonivutia zaidi kwenye namba hizi ni kwamba hazijali kama kuna theluji au la. Maji yaliyotuama yanayozidi milimita 3 yanapewa 2, sawasawa na uji wa theluji. Mvua ya masika inayomwagika Kipawa na kuacha lami ikiwa na dimbwi inahesabiwa kwa kipimo kilekile kinachotumika Oslo au Toronto. Gurudumu linaloelea juu ya maji halijui liko nchi gani.

Mbona Helsinki haifungi na London inafunga?

Helsinki ina njia tatu za kurukia. Wakati moja inasafishwa, mbili zinafanya kazi, kisha wanabadilishana, usiku na mchana, miezi mitano. Wafanyakazi wake wanalala na kuamka na kazi hiyo. Theluji yao pia mara nyingi ni ya baridi kali, kavu, ambayo brashi inaifagia kwa urahisi. Theluji ya Amsterdam, London au Istanbul huanguka joto likiwa karibu na sifuri. Ni nzito, ina maji, inanata, inayeyuka mchana na kuganda usiku. Kwa uwanja wa ndege nyuzi moja chini ya sifuri inaweza kuwa mbaya kuliko nyuzi kumi na tano.

Heathrow ina njia mbili tu, na kibali cha ndege 480,000 kwa mwaka, yaani karibu 1,300 kwa siku. Ratiba yake imejaa hadi ukingoni. Tarehe 18 Desemba 2010, wikiendi ya mwisho kabla ya Krismasi, theluji nzito iliangukia pale na uwanja ukafungwa. Njia za kurukia hazikuwa kikwazo kikubwa. Kazi ilikwama kwenye maegesho, kwa sababu ndege zilikuwa zimeegeshwa na theluji imeganda kuzizunguka, na huwezi kupitisha jembe kubwa chini ya bawa. Ilichukua siku kadhaa kurudi kwenye hali ya kawaida, na watu wakalala sakafuni. Ripoti iliyoongozwa na Profesa David Begg mwaka uliofuata haikulaumu theluji. Ilisema uwanja haukutarajia ukubwa wa athari, haukujiandaa vya kutosha, na mawasiliano kati ya uwanja na mashirika ya ndege yalikuwa dhaifu. Wamiliki wakaahidi kuwekeza pauni milioni 50.

Nikiri wazi kwamba siwalaumu London kwa kutokuwa na mashine kama za Helsinki. Theluji nzito kule huja siku chache kwa mwaka, na miaka mingine haiji kabisa. Kununua mashine, kujenga pa kuzihifadhi na kulipa madereva wa kuzisubiri ni uamuzi wa fedha, na kila jiji huupima kwa hali yake. Kinacholaumika ni kumwacha mtu sakafuni siku mbili bila neno. Hilo halihitaji mashine.

Viwanja vinavyojua kazi huanza maandalizi kiangazi. Mikataba ya dawa inasainiwa, vibarua wa msimu wanafundishwa, mashine zinapangwa mshazari na kufanyiwa mazoezi kwenye lami kavu. Utabiri ukianza kuonyesha theluji, watu wa hali ya hewa, mnara, mashirika ya ndege na kikosi cha theluji wanakaa kwenye simu moja na kuulizana jambo moja: kesho tutaweza kurusha na kutua ngapi kwa saa?

Dar inapoingia kwenye foleni

Jibu likiwa nusu ya kawaida, nusu ya safari lazima ziondolewe, na mara nyingi zinaondolewa siku moja kabla, kabla hata chembe ya theluji haijaanguka. Hapa ndipo abiria wa Dar anapokasirika zaidi. Anafungua simu, anaona safari imefutwa, anatafuta picha za Amsterdam na kuona jua. Lakini kufuta mapema ndiyo huruma yenyewe. Aliyefutiwa akiwa nyumbani kwake Mbezi analala kitandani mwake. Aliyefutiwa baada ya kupanda na kusubiri dawa saa nne analala pale alipo. Mimi naona uwanja unaofuta mapema unamheshimu abiria kuliko ule unaosubiri muujiza.

Na kwa nini safari ya Dar iguswe wakati huku hakuna hata wingu? Kwa sababu ndege inayokuchukua Dar ni ileile iliyotakiwa kuondoka kule asubuhi. Mwenye kutumia mwendokasi anaelewa: Jangwani ikifurika, mtu wa Kimara anasubiri kituoni juani, na mabasi yamekwama upande wa pili. Tena marubani nao wana saa. Kwa kanuni za Ulaya zamu ya kawaida ya kikosi haizidi saa 13, na nahodha anaweza kuiongeza kwa saa mbili tu tena kwa sababu za dharura. Ndege iliyosubiri dawa saa tatu inaweza kuwa safi, ina mafuta, ina njia ya kurukia, na bado isiondoke kwa sababu muda wa zamu ya marubani wake umekwisha.

Kwa upande wa haki zako, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inamlinda yeyote anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja huo kwa shirika lolote, na pia anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya. Kwa hiyo abiria wa KLM kutoka Dar kwenda Amsterdam yumo. Theluji nzito huhesabiwa kuwa jambo lililo nje ya uwezo wa shirika, hivyo fidia ya pesa taslimu mara nyingi haipo. Lakini chakula, hoteli ikibidi kulala, na kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine, hivyo vipo palepale. Mwaka 2013 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotokana na majivu ya volkano, ilisema huduma hiyo haina kikomo cha siku. Ukijigharamia kwa sababu hukuhudumiwa, tunza risiti zote. Uturuki na nchi za Ghuba zina kanuni zake.

Liko jambo moja ambalo maelezo ya wenzetu hayaligusi kwa kuwa haliwahusu. Mtanzania anayepita Amsterdam kwenda kwingine nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa kawaida hahitaji viza ya kupita, kwa hiyo wengi husafiri bila viza ya Schengen. Safari inayofuata ikifutwa, mwenye pasipoti ya Ulaya anapelekwa hoteli mjini, na wewe huwezi kuvuka kaunta ya uhamiaji. Maofisa wa mpaka wanaweza kutoa viza ya dharura, lakini uamuzi ni wao. Ukitaka kupunguza hatari hiyo, unaponunua tiketi ya Januari usikubali muda wa saa moja wa kuunganisha ndege hata kama ni rahisi, nunua safari nzima kwenye tiketi moja ili shirika liwajibike kukufikisha, na uliza kama siku yako ya kuondoka inaweza kusogezwa bure endapo utabiri ni mbaya. Mashirika mengi hutangaza ruhusa hiyo siku moja au mbili kabla ya dhoruba. Dawa zako za wiki nzima, chaja, sweta na nakala za barua za hospitali au chuo viwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa begi kubwa likishaingia tumboni mwa ndege unaweza usilione tena mpaka safari yako ipangwe upya.